Chombo cha kupeleka barua na vifurushi Dodoma: magari ya posta yalinganishwa kwa asili na watengenezaji wake

Swali la chombo kipi kifae kupeleka barua na vifurushi Dodoma limekuwa zito zaidi tangu Serikali ilipoanza kuhamia rasmi mwaka 2016 na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018. Ofisi za wizara ziko Mtumba, watumishi wake wanaishi Ilazo, Nzuguni, Iyumbu na Mkonze, wanunuzi wa mtandaoni wako kila mahali, na operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 imezipa nyumba namba na mitaa vibao. Kwa miaka mingi kazi ya posta katika nchi yetu iliishia kwenye sanduku: barua ilifika ofisi ya posta, na mwenye S.L.P. akaifuata kwa ufunguo wake. Sasa kifurushi kinatakiwa kifike mlangoni, na mlango huo unaweza kuwa mita mia chache kutoka ofisi ya posta ya mjini au ng'ambo ya korongo ambalo halina daraja.

Wanaotafuta chombo huanza na bei na ulaji wa mafuta, na wana haki ya kufanya hivyo, kwa sababu biashara ya vifurushi inaishi kwa faida ndogo ndogo. Hata hivyo, kuna swali ambalo lingepaswa kutangulia: chombo hiki kilibuniwa na nani, kwa njia ya namna gani, na mpelekaji wa huko kwao alikuwa akiikabidhi barua vipi? Chombo cha posta hubeba sura ya mitaa ya kwao, na sura hiyo ikitofautiana mno na ya kwetu, hata bei nzuri haiwezi kulifidia jambo hilo. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye kampuni ndogo yenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, wakala, au kikundi kinachotaka kununua chombo kimoja au viwili, si kwa ajili ya shirika kubwa linaloweza kuagiza magari mia kwa mkupuo.

Gari la Marekani na kisanduku cha kando ya barabara

Tuanze na gari lililobuniwa kwa kazi ya posta tupu. Grumman LLV la Marekani lilitengenezwa kati ya mwaka 1987 na 1994 na kampuni ya Grumman, ambayo ilijulikana kwa ndege za kivita na ndiyo iliyojenga chombo kilichowatua wanaanga mwezini katika safari za Apollo. Bodi yake ni ya alumini, jambo lisiloshangaza kwa mafundi wa ndege, lakini chini yake kuna chesisi iliyotokana na pikapu ndogo ya Chevrolet S-10 na injini ya silinda nne ya General Motors. Lilichukua nafasi ya gari dogo la Jeep DJ-5 ambalo posta ya Marekani ilikuwa imelitumia kwa miaka mingi. Magari zaidi ya 100,000 yalitengenezwa. Yalikusudiwa kudumu miaka 20, na mengi yamevuka miaka 30 yakiwa bado kazini.

Kabla ya kulinunua, posta ya Marekani ilishindanisha magari ya majaribio huko Laredo, Texas, mwaka 1985, mahali penye joto na ukavu usio mbali sana na wa kwetu. Magari hayo yaliendeshwa maili 24,000, yaani karibu kilomita 38,600: sehemu kwenye lami, sehemu kwenye changarawe, sehemu kwenye mawe na mashimo, na sehemu nyingine yakisimama kila baada ya futi 250, ambazo ni kama mita 76. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiona ya thamani kubwa kwa mtu anayenunua leo. Gari la kupeleka vifurushi huchakazwa na kusimama kuliko linavyochakazwa na mwendo; breki, klachi, stata, bawaba za mlango na kiti cha dereva huisha mapema, ilhali injini ingali nzima. Muuzaji anayekuhakikishia kwamba gari lake limetembea kilomita chache hajakwambia lolote kuhusu mara ngapi lilisimama na kuondoka, na ndiyo maana gari lililotumika kusambaza bidhaa madukani linahitaji kukaguliwa klachi na breki kabla hata ya kufunguliwa boneti.

Uzuri mkubwa wa LLV, hata hivyo, haufiki kwetu. Wamarekani huendesha upande wa kulia wa barabara na magari yao ya kawaida yana usukani kushoto. LLV limewekewa usukani kulia ili dereva akae upande wa ukingo, anyooshe mkono dirishani na kutia barua katika kisanduku kilichosimamishwa kwenye nguzo, bila kushuka. Tanzania tunaendesha kushoto. Gari hilo hilo likiletwa Dodoma, dereva wake atakaa upande wa katikati ya barabara, palepale anapokaa dereva wa gari lolote tulilo nalo, na faida iliyogharimiwa kwa fedha nyingi itakuwa imetoweka. Isitoshe, nyumba za Area D au Chang'ombe hazina kisanduku nje ya geti. Kifurushi hupokelewa kwa mkono, kwa saini, na mara nyingi kwa malipo ya papo hapo kwa simu, hivyo mpelekaji lazima ashuke, apige hodi na asubiri. Kwa njia ya namna hii, urahisi wa kushuka na kupanda una maana zaidi kuliko upande wa usukani: kiti kisichokuwa juu mno, mlango usiohitaji kubamizwa, na mahali pa kuegesha chombo bila kuziba njia ya bodaboda.

LLV halina kiyoyozi, na joto ndani yake limekuwa malalamiko ya muda mrefu ya wanaoliendesha, ambayo kwa mtu wa Dodoma ya mwezi Novemba hayahitaji kuelezwa zaidi. Mrithi wake anatengenezwa Spartanburg, South Carolina, na Oshkosh, kampuni iliyojijengea jina kwa malori ya jeshi, kufuatia mkataba wa mwaka 2021. Magari ya kwanza yaliingia kazini Athens, Georgia, mwaka 2024, yakiwa na kiyoyozi na paa la juu linalomwezesha mtu kusimama kwenye sehemu ya mizigo. Ni gari lililofikiriwa vizuri kwa ajili ya mnunuzi mmoja tu, na kwa sababu hiyo mtu wa hapa hana haja ya kulitamani.

Wajerumani na suala la spea

Magari mawili ya posta ya Ujerumani, yakiwekwa bega kwa bega, yanaeleza suala la spea vizuri kuliko maelezo yoyote ninayoweza kutoa. La kwanza ni Volkswagen Aina 147, lililopewa na watu jina la utani la Fridolin, ambalo lilitengenezwa kati ya mwaka 1964 na 1974. Posta ya Ujerumani Magharibi ilitaka gari dogo lenye nafasi ya mita mbili za ujazo, milango ya kuteleza pande zote mbili, na sehemu ya mizigo inayofikiwa kutoka kwenye kiti cha dereva. Badala ya kubuni kila kitu upya, Volkswagen ilikusanya vipande vilivyokwisha kuwepo: sakafu ya Karmann Ghia, injini ya kobe (yaani Volkswagen Beetle), na sehemu nyingine za bodi kutoka kwenye magari yake mengine, kisha kazi ya kuunga ikafanywa na kampuni ya Westfalia. Yalitoka magari zaidi kidogo ya 6,000, baadhi yakaenda posta ya Uswisi. Idadi hiyo ni ndogo mno kuweza kulisha soko la spea peke yake, lakini gari halikukosa spea, kwa sababu fundi yeyote aliyekuwa na sehemu za kobe alikuwa na sehemu kubwa ya Fridolin.

La pili ni StreetScooter, gari la umeme lililoanzia Aachen mwaka 2010, kwenye chuo kikuu cha ufundi cha mji huo, chini ya maprofesa Günther Schuh na Achim Kampker. Deutsche Post, posta ya Ujerumani, ililipenda kiasi cha kuinunua kampuni yenyewe mwaka 2014, na maelfu ya magari ya rangi ya njano yakaenea katika miji ya Ujerumani. Matoleo ya mwanzo yalikwenda takriban kilomita 80 kwa chaji moja, umbali unaotosha kabisa kwa mpelekaji wa huko anayezunguka mtaa uleule kila siku na kurudi kituoni jioni. Lakini posta si kazi ya kutengeneza magari. Mwaka 2022 shughuli hiyo iliuzwa kwa kampuni nyingine, na wenye magari wakabaki wakimtegemea mtengenezaji mchanga aliyekuwa akibadili mikono. Shirika kubwa lenye karakana zake linaweza kuvumilia hali hiyo. Mwenye gari moja Kizota hawezi, kwa sababu siku gari lake litakapolala, kampuni nzima imelala.

Kutokana na mifano hii miwili mimi ninashika kanuni moja ya ununuzi: bodi iwe ya pekee ukipenda, lakini injini, giaboksi, ekseli na breki ziwe za gari linaloonekana barabarani kila siku. Hata LLV lilifuata njia hiyo kwa kukalia chesisi ya Chevrolet. Ukitaka boksi la kufunga, mlango wa pembeni au rafu za kupangia vifurushi, gereji za Dodoma zinaweza kukutengenezea kwa vyuma na bati, na kazi hiyo haitakuzuia kupata spea baadaye.

Waingereza niwataje kwa jambo moja. Magari ya kwanza ya Morris Minor yaliyotengenezwa kwa posta yao, kuanzia mwaka 1953, yalikuwa na madigadi ya mbele ya mpira, kwa kuwa ilijulikana tangu mwanzo kwamba gari linaloegeshwa mara nyingi kwa siku litagongwagongwa.

Pikipiki: Hamamatsu na Pune

Kwa kazi ya ndani ya jiji, mjadala wa kweli ni wa pikipiki, na hapa asili ya chombo ina mengi ya kusema. Honda Super Cub ilizinduliwa mwaka 1958 na kampuni iliyoanzishwa na Soichiro Honda huko Hamamatsu, mji wa Japani ambao pia ndio nyumbani kwa Suzuki. Husimuliwa kwamba ilikusudiwa iweze kuendeshwa kwa mkono mmoja na mtu anayepeleka tambi kwa wateja, mkono wa pili ukiwa umebeba sinia. Ndiyo maana haina klachi ya mkono, bali klachi inayojifungua yenyewe kadiri injini inavyozunguka, na gia hubadilishwa kwa mguu. Kufikia mwaka 2017 Honda ilikuwa imetengeneza Super Cub milioni 100. Posta ya Japani ilitengenezewa toleo lake, lenye rangi nyekundu, kishikio cha mizigo mbele na nyuma, na magurudumu ya inchi 14 badala ya 17 ili mzigo ukae chini na pikipiki isiyumbe inaposimama. Australia nayo iliwapa wapeleka barua wake Honda CT110, ndugu wa Super Cub aliyetengenezwa kwa njia za mashambani, na kwa miongo kadhaa ikawa ndiyo sura ya posta katika mitaa yao.

Upande wa pili iko Bajaj Boxer, ya kampuni ya Bajaj Auto yenye makao yake Pune, India, pamoja na mshindani wake TVS HLX, ambayo kampuni yake ina kiwanda kikubwa Hosur, Tamil Nadu. Hizi hazikubuniwa kwa ajili ya posta hata kidogo. Zilibuniwa kwa mtu wa kijijini anayebeba familia na gunia kwenye barabara mbovu, kwa hiyo zina kiti kirefu, springi za nyuma zinazostahimili uzito, na injini isiyo na mambo mengi. Zina klachi ya mkono, na kwa mpelekaji anayesimama milango hamsini kwa siku klachi hiyo ni kazi ya ziada kwa vidole vya mkono wa kushoto, jambo ambalo mwajiri asiyeendesha hulisahau kwa urahisi.

Kwa ubunifu peke yake, ningeipa Honda ushindi bila kusita. Hakuna chombo kingine kilichofikiriwa kwa makini hivyo kuhusu mkono na mguu wa mtu anayepeleka kitu mlangoni. Lakini katika Dodoma ninashauri Boxer au TVS. Magurudumu madogo ya toleo la posta la Japani yamefanyiwa lami laini. Yakiingia kwenye mchanga wa mtaani Nkuhungu yatazama pale ambapo gurudumu kubwa lingepita. Muhimu zaidi, kila kijiwe cha bodaboda kina fundi anayeijua Boxer kwa kuigusa tu, cheni na viatu vya breki vinauzwa dukani jirani, na pikipiki iliyoharibika asubuhi hurudi barabarani kabla ya saa nane mchana. Anayepata CT au Super Cub iliyotunzwa, na ambaye njia yake yote ni ya lami kati ya Makole, Majengo na Uhindini, asiikatae. Wengine wote wachukue ile ambayo mji mzima unaijua.

Kuna kosa moja la kuepukwa bila kujali jina la pikipiki: kufunga boksi kubwa nyuma kabisa, juu ya taa, ambako uzito huinua gurudumu la mbele na kufanya usukani kuwa mwepesi. Wajapani waliweka sehemu ya mzigo mbele kwa sababu hiyo. Mikoba miwili ya turubai inayoning'inia pembeni, pamoja na boksi dogo nyuma, hubeba kiasi kilekile kwa usalama zaidi.

Kirikuu, guta na bajaji

Vifurushi vikiwa vikubwa kuliko uwezo wa pikipiki, wengi hukimbilia guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye kitanda cha mizigo, ambayo mengi ya yaliyoko sokoni yanatoka China. Ukoo wa vyombo vya magurudumu matatu una historia ya heshima: Piaggio ya Italia ilizindua Ape mwaka 1948, kazi ya mbunifu wa ndege Corradino D'Ascanio, na ni kwa leseni ya Piaggio ndipo Bajaj ilipoanza kutengeneza vyombo ambavyo leo tunaviita kwa jina lake. Guta linabeba mzigo mzito kwa bei ndogo na linafaa sana kwa saruji, maji na viroba vya sokoni. Kwa barua na vifurushi silishauri. Liko wazi, halifungiki, mzigo ukiachwa nje ya geti hauna ulinzi, na mvua ya ghafla ya Januari inatosha kuharibu nyaraka za mteja. Bajaji ya abiria iliyogeuzwa kuwa ya mizigo kwa kufungwa mabati pembeni ni afadhali, hasa kwa mitaa iliyo karibu.

Chombo ninachokipa nafasi ya kwanza katika daraja hili ni kirikuu, yaani Suzuki Carry. Suzuki ilianza kama kiwanda cha mitambo ya kufuma nguo kilichoanzishwa na Michio Suzuki mwaka 1909, na Carry ya kwanza ilitoka mwaka 1961. Udogo wake unatokana na sheria ya Japani inayopunguza kodi kwa magari yasiyozidi vipimo fulani: tangu mwaka 1990 injini isizidi sentimita za ujazo 660, na tangu 1998 urefu usizidi mita 3.4 na upana mita 1.48, huku mzigo unaoruhusiwa ukiwa kilo 350. LLV la Marekani, gari kubwa zaidi kwa kila kipimo, lilikusudiwa kubeba takriban kilo 450. Posta ya Japani hutumia magari ya daraja hili hili, yakiwa mekundu, kwa vifurushi ambavyo pikipiki haiwezi kubeba, na kwa hiyo mtu wa Dodoma anayenunua kirikuu ananunua, bila kujua, chombo kilichokwisha kuthibitishwa na posta yenye utaratibu mkali. Usukani wake uko kulia, kama wetu, na Japani huendesha kushoto, kama sisi. Hakuna jambo la kurekebisha.

Lakini Japani ni nchi ya lami, na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuwa macho. Kirikuu iliyotoka kupeleka vifurushi katika vijiji vya Chemba wakati wa kiangazi, ukiufungua mlango wa nyuma, utakuta vumbi jekundu limelala juu ya kila katoni, laini kama unga wa mtama, limeingia kwenye mikunjo ya karatasi na kufifisha anwani zilizoandikwa kwa kalamu. Linapita kwenye mpira wa mlango uliokauka, na hakuna kinacholizuia isipokuwa kubadili mpira huo na kuvifunika vifurushi kwa turubai hata ndani ya gari lililofungwa. Jambo la pili ni injini. Katika kirikuu nyingi iko chini ya viti vya mbele, fundi huinua kiti ili aifikie, na joto lake hupanda hadi kwenye sakafu iliyo nyuma ya dereva. Dawa za hospitali, mishumaa na vipodozi vipangwe karibu na mlango wa nyuma. Jambo la tatu ni matairi madogo, ambayo kwenye barabara yenye matuta ya mfululizo hupeleka kila mtikisiko moja kwa moja kwenye bushi na shokapu. Mwenye kununua kirikuu iliyotumika aangalie pia umri wake, kwa kuwa ushuru wa uchakavu huongeza gharama ya gari la zamani linapoingizwa nchini, na akumbuke kwamba yapo matoleo ya fowili, yanayostahili kuongezewa fedha kidogo kama njia yake inapita kwenye udongo wa mbuga upande wa Bahi.

Umeme

Uswisi ndiko vyombo vya umeme vilikofanikiwa zaidi katika kazi hii. Kampuni ya Kyburz, iliyoanzishwa na Martin Kyburz mwaka 1991, ilitengeneza DXP, chombo cha magurudumu matatu kisichozidi mwendo wa kilomita 45 kwa saa, na posta ya Uswisi ikaachana na pikipiki za petroli. Baadaye Australia nayo ikaanza kubadilisha sehemu ya Honda zake kwa Kyburz. Masharti ya mafanikio hayo yako wazi: mzunguko mfupi, unaojulikana, unaoanza na kuishia mahali penye soketi. Dodoma ina mizunguko ya namna hiyo, kwa mfano nyaraka za ofisi kati ya katikati ya mji na Mtumba, na pikipiki za umeme zimekwisha kuanza kuonekana nchini. Anayetaka kujaribu ajaribu kwa chombo kimoja, akiwa na kingine cha petroli pembeni, na ahakikishe muuzaji ana fundi na betri hapa hapa Dodoma, si ahadi ya kuviagiza kutoka Dar es Salaam.

Kondoa, Mpwapwa na vijiji vya ndani

Kwa safari ndefu, watu hutaja kwanza Land Cruiser, ile ya mkonga, na sifa yake ni ya haki. Toyota ilianza ukoo huo mwaka 1951, toleo la 70 lilitoka mwaka 1984, na injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, bila tabo, imekuwa nayo tangu mwaka 1990. Haina umeme mwingi wa kumsumbua fundi wa wilayani, na hospitali na miradi mingi ya nchi hii inaitegemea. Ndugu yake wa Uingereza, Land Rover, aliyezaliwa Solihull mwaka 1948, angali anaonekana vijijini, ingawa toleo la zamani la Defender liliacha kutengenezwa mwaka 2016 na spea halisi zinazidi kuwa ghali.

Pamoja na sifa hizo zote, Land Cruiser kwa biashara ya vifurushi ni mzigo mkubwa wa fedha unaohalalishwa na miezi michache tu. Barabara ya kwenda Kondoa, kilomita zipatazo 160, ni ya lami, na kwa njia ya lami Toyota Probox, gari la kazi lililoanza mwaka 2002 kwa ajili ya wasambazaji na wachuuzi wa Japani, litafika kwa mafuta machache zaidi na kugeuza siku hiyo hiyo. Mzigo ukiwa mwingi, Hiace hufaa. Ukiwa kidogo, mkabidhi wakala wa basi kwenye stendi kuu ya Nzuguni na umlipe mwenye pikipiki wa Kondoa mjini aumalizie. Hakuna sababu ya gari lako kwenda kilomita 160 kwa ajili ya bahasha tatu.

Fowili ya kweli inahitajika pale lami inapoishia: vijiji vya ndani vya Mpwapwa na Chemba, kati ya Desemba na Aprili, makorongo yanaposhuka na mito ya mchanga, ambayo kiangazi huvukwa kwa miguu, inapojaa kwa saa chache na kuacha mchanga uliolegea. Hapo kirikuu haipaswi kupelekwa, hata ile ya fowili, kwa kuwa tumbo lake liko karibu mno na ardhi. Kwa mwenye kampuni ndogo, kukodi Land Cruiser au Hilux kwa siku zilizopangwa, mara moja au mbili kwa wiki, huku vifurushi vya vijiji hivyo vikikusanywa hadi siku hiyo, kunagharimu kidogo kuliko kuimiliki mwaka mzima, mradi mteja ameambiwa mapema siku ya kufikishiwa.

Mwenye fedha ya chombo kimoja tu kwa sasa, na ambaye kazi yake nyingi ni bahasha na vifurushi vidogo vya mjini, anunue Boxer mpya kabla ya kirikuu ya zamani, na aweke akiba ya tairi, cheni na viatu vya breki tangu mwezi wa kwanza. Akipata mkataba wa ofisi za Mtumba au wa duka linalouza mtandaoni, ndipo kirikuu iliyofunikwa ifuate. Kabla ya kulipa, aiendeshe kwenye njia yake halisi, ikiwa na mzigo, asimame na kuzima injini kwenye kila geti kama atakavyofanya kazini, na ampeleke fundi atakayeitengeneza baadaye, si yule aliyeletwa na muuzaji.